Mifupa Laini katika Nchi ya Jua

Nilisujudu nikashindwa kuinuka. Ilikuwa sala ya adhuhuri, nyumbani kwetu Al-Safa, Jedda, watoto wangu wakubwa wawili wako skuli na mdogo amelala. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Mapaja yalikataa tu, kama punda aliyechoka njiani. Nikabaki paji la uso chini nikisabihi mara tatu, mara kumi, hata nikapoteza hesabu, na mwisho nikamwomba Mungu anisamehe kwa kuwa pale sikuwa nasali tena, nilikuwa nimekwama. Nikajiangusha ubavu, nikatambaa hadi kwenye kochi, nikajivuta kwa mikono mpaka nikakaa. Kisha nikalia. Wanaonijua wanajua kuwa mimi silii kwa huzuni, nalia nikikasirika, na siku ile nilikasirika sana.

Naandika haya leo nikiwa nasimama na kukaa nipendavyo. Nasikia kuna wanawake wa kwetu, hapa Jedda na kwengineko, wanaojishika kuta wakienda msalani na kujiambia kwamba ni uchovu wa uzazi. Haya ni yao. Mambo ya kidaktari sitayaeleza maana siyajui, na daktari wako atakueleza yako. Mimi nitakueleza ilivyokuwa, pamoja na yale yanayonitia haya.

Tulitoka Unguja baada ya mapinduzi. Nikaolewa hapahapa Jedda na Khamis, ambaye alikuja na mama yake, Bi Riziki, kwa njia kama yetu. Tukaishi Ruwais, mtaa wa wavuvi wa zamani, katika nyumba yenye paa bapa lililozungushiwa ukuta mrefu kuliko mtu. Maisha yetu sisi wanawake yalikuwa juu ya paa lile. Tulifua huko, tulisukana huko, tuliwakogesha watoto huko, vichwa wazi na mikono wazi, hakuna mwanamume wa kutuona. Bi Riziki akianika dagaa upande mmoja na papa wa chumvi upande wa pili, na paka wa Ruwais nzima wakimjua kwa jina.

Halafu mafuta yakapanda bei, na mji ukashikwa na wazimu wa saruji. Meli zilijipanga baharini miezi zikingoja zamu ya kushusha, na Khamis alikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo kila mwenye mzigo alimtaka yeye. Akapandishwa cheo. Tukahamia Al-Safa, fleti mpya ya ghorofa ya tatu, madirisha ya vioo vya ukungu, kiyoyozi kila chumba, friji refu kuliko mimi. Bi Riziki alikataa kuhama. Alisema yeye hawezi kulala ndani ya jokofu.

Mimi nilijiona nimefika. Tulikula nyama ya kondoo na wali mchana, kuku wa barafu jioni, soda kwa kreti. Samaki nikamwachia mama mkwe. Baba yangu alikuwa mchuuzi wa samaki Mkokotoni, na nilipopelekwa skuli mjini wasichana walinicheka kwamba madaftari yangu yananuka ng'onda, yaani papa mkavu. Basi nilipopata nyumba yenye lifti nikaapa kwamba harufu ile haitapanda lifti yangu. Jua nalo nikaachana nalo. Paa la Al-Safa lilikuwa la wapangaji wote, na mbele yake jengo jengine lilikuwa linapanda kila wiki, limejaa mafundi wanaume. Nikitoka, nilitoka nimejifunika kutoka mlangoni hadi garini. Nilizaa watoto wawili katika fleti ile, nikawanyonyesha wote, na siku zikapita sijaota jua hata kwenye kiwiko.

Sasa nije kwenye la aibu. Siku moja nilialika mabibi wa jirani, Wasaudia, waje kunywa kahawa. Nimetandika vikombe vya dhahabu, nimefukiza udi, Bi Riziki akagonga bila taarifa, ameshika kifurushi cha karatasi, na kifurushi kinanuka kama Mkokotoni nzima. Bibi mmoja akakunja pua akauliza ni nini kile. Nikasema kwa Kiarabu, haraka, "Ah, ni chakula cha wafanyakazi wa chini." Bi Riziki anajua Kiarabu cha sokoni kuliko mimi. Alisema, "Samahani, nimekosea mlango," akageuka na kifurushi chake, akashuka kwa ngazi. Lifti hakuitaka. Hakukanyaga kwangu tena kwa miezi saba.

Maumivu yalianza kiunoni miezi michache baada ya kumzaa Zuwena, mtoto wangu wa mwisho. Yakashuka nyongani, yakaingia mapajani. Nikikohoa mbavu zinaniuma. Nikitembea, nayumba huku na huku kama bata, na watoto wakubwa wakaniiga sebuleni wakidhani ni mchezo. Shoga zangu wakanambia ni baridi yabisi, kiyoyozi kimeniingia mifupani. Tiba yake sote tunaijua: jifunike, kimbia upepo, jichue mafuta ya karafuu, kaa ndani. Nikakaa ndani. Nikafunga na mapazia.

Kabla ya sijda ile nilishaona madaktari watatu wa Jedda. Ukumbi wa kungojea nilikuwa nimeujua hata viti vyake, kipi kina mkono wa kujishikia ukitaka kunyanyuka na kipi kitakuaibisha mbele za watu. Wa kwanza alisema baridi yabisi. Wa pili alisema ni mishipa ya fahamu na akaniuliza kama nagombana na mume. Nikamwambia bado, lakini akiendelea kuniuliza nitaanza. Wa tatu alitazama picha ya eksrei kwa muda mrefu, akamwita Khamis nje ya mlango, na Khamis aliporudi alikuwa ananiangalia kwa upole mno. Hapo nilijua wamelitaja gonjwa lile linalomla mtu ndani kwa ndani, ambalo kwetu halitajwi. Kafili wa Khamis, yaani mdhamini wake wa kazi, mtu wa Jedda mwenye roho nzuri, akatuandikia barua ya kwenda hospitali moja kubwa Riyadh.

Nani angekuja kunishikia Zuwena? Alikuwa na mwaka na nusu na bado ananyonya. Jioni ya kuamkia safari, Khamis akafungua mlango na nyuma yake yuko mama yake, begi mkononi.

"Nimekuja kwa ajili ya mjukuu wangu," alisema. Alimchukua Zuwena akampakata, na mimi hakunitazama. Watoto wakubwa tukawapeleka kwa wifi yangu.

Riyadh wakati wa baridi ni baridi kweli. Khamis alitufikisha, akakaa siku mbili, akarudi bandarini. Hospitali ilimruhusu mgonjwa kukaa na mwangalizi wa kwao, kwa hiyo nilibaki wodini na mama mkwe asiyesema nami. Alinikogesha bila neno. Alinifunga nguo bila neno. Mwanamke aliyekuogesha mapaja hali amekununia, hakuna adhabu inayoizidi hiyo. Kwenye chumba cha kungojea picha tulikaa na wanawake kutoka kila pembe ya nchi, namba mkononi, na bibi mmoja wa Kibedui aliponiona nashindwa kukaa akavua joho lake la sufi akalikunja mara nne akaniwekea kitini. Sikumjua jina. Namwombea mpaka leo.

Daktari alikuwa Msudani, mtu mzima, mpole. Alitazama picha zangu akasema si gonjwa lile la kutisha. Nilitaka kumkumbatia, Mungu anisamehe. Kisha akauliza, "Dada Rukia, wewe unapata jua?"

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. "Daktari, hii si Arabuni? Jua huku tunalikimbia."

"Ndilo ninalokuuliza," alisema. "Unalikimbia mpaka wapi?"

Nikamweleza fleti, vioo vya ukungu, gari, mapazia. Akauliza chakula, nikamwambia. Akaniambia mifupa yangu imekuwa laini, kwamba nyongani kuna ufa, na kwamba atanipiga sindano moja kila mwezi. Kama ufa utafunga, vyema. Usipofunga watanitia chuma, na baada ya chuma pengine magongo maisha yangu yote. Hakuniahidi kitu. Nilimheshimu kwa hilo.

Aliyegundua hali ya mtoto ni muuguzi. Tulimwita Sista Risten, mwanamke mfupi, mashavu mapana, nywele nyeusi, kiasi kwamba mwanzo nilimdhani Mturuki. Alikuja kunipima, akamkuta Zuwena kakaa mapajani mwa bibi yake. Akamshika kifundo cha mkono, akakibonyeza. Akamnyoosha miguu yote miwili akaiangalia ilivyopinda kwa nje. Mwaka na nusu, na mtoto alikuwa hajasimama. Sisi tulishasema ni kijicho, tukamfunga hirizi, tukanyamaza.

"Na huyu pia," alisema kwa sauti ndogo. "Mifupa yake ni kama yako. Amekunywa maziwa yako na kukaa ndani pamoja nawe."

Nikamtafsiria Bi Riziki. Miguu yangu mimi ningeizika kama Mungu alivyotaka, lakini miguu ya mtoto niliipinda mimi, kwa mapazia yangu mwenyewe, nikijivuna. Tangu saa ile dua yangu ilikuwa moja tu: Zuwena atembee, na mimi niweze kutembea nyuma yake.

Sista Risten alikuwa akija kwetu alasiri, zamu yake ikipoa. Tulizungumza kwa Kiingereza changu cha skuli na Kiarabu chake cha wodini. Nilimuuliza kwao wapi. Akasema Norwe, kaskazini kabisa, lakini yeye si Mnorwe hasa. Watu wake wanaitwa Wasami, walikuwako kule kabla ya wengine, wana lugha yao na nguo zao. Wengine huchunga wanyama kama kulungu wenye pembe za matawi, wengine huvua. Baba yake alivua.

"Na kwetu," alisema, "jua hupotea miezi miwili. Halichomozi kabisa."

Nikamtafsiria Bi Riziki, ambaye alishasahau kuninunia. "Uwongo huo!" alisema. "Muulize basi wanaswali vipi adhuhuri."

Sista alicheka sana. Nikamuuliza, kama jua linapotea miezi miwili, mbona mifupa yao haijayeyuka? Akasema ndiyo sababu ananihadithia. Katika miezi ile ya giza mama yake huchemsha sufuria tatu, ya samaki, ya mayai ya samaki, na ya maini yake, na kila mtoto lazima ale ini kabla ya kunyanyuka. Kwa wajomba zake wachungaji mnyama akichinjwa hakitupwi kitu: ulimi, damu, uboho wa mifupa. Damu ilinishinda nikatazama pembeni, naye akaona akatabasamu. Nyama nyengine huanikwa kwenye upepo mpaka ikawa ngumu kama ubao. Matunda madogo ya manjano huchumwa vinamasini msimu wa joto yakawekwa kwa ajili ya baridi. Na watu hutembea, wazee kwa watoto, nyuma ya wanyama wao, siku nzima.

"Muulize mchuzi wa samaki wanatia nazi?" alisema Bi Riziki.

"Hawana nazi, Mama."

"Maskini ya Mungu!"

Kisha Sista akanihadithia jambo jengine. Alipokuwa na miaka saba alipelekwa skuli ya bweni ya Wanorwe, ambako lugha yao ilikatazwa hata kitandani. Baba yake akamletea mfuko wa nyama kavu kutoka nyumbani. Wenzake wakasema inanuka moshi na mnyama. Alichukua mfuko ule akaufukia kwenye theluji nyuma ya choo, na baba yake bado amesimama getini anamwangalia.

"Tulifundishwa kuona haya," alisema. "Baadaye yakaja maduka, mkate mweupe, sukari, na watu wakaanza kuumwa maradhi ambayo bibi zetu hawakuyajua. Mimi nilikuwa mtu mzima ndipo nikala tena ini la samaki mbele za watu."

Sikumtafsiria Bi Riziki maneno hayo. Nilishindwa. Sista akamgeukia mwenyewe, akamnyooshea kidole kwa heshima, akaniambia, "Muulize, yeye alipokuwa mdogo alikula nini?"

Bi Riziki akavuta pumzi kama mtu anayeanza kusoma maulidi. Alisema walikula dagaa mzimamzima na miba yake. Walikula vibua, pweza, jodari, chaza wakati wa maji kupwa. Walikula muhogo wa nazi, mchicha, mtama. Walikwenda kwa miguu pwani na kurudi na vikapu kichwani. "Na mtoto akichelewa kusimama," alisema, "sisi tukimchemshia maini ya papa, tukamlisha kidogokidogo na ndimu. Asubuhi tukimpaka mafuta ya nazi na kumlaza juani uchi. Tulisema ana miguu mizito. Haikuwa maradhi ya kumshangaza mtu."

Nikamwangalia. "Mama, kama ulijua, mbona hukunambia?"

Alimtengeneza Zuwena mapajani mwake, akamfuta pua.

"Nilikuja nayo," alisema. "Nilimwona mwanao siku ya Idi, ana miezi kumi na moja na mgongo haujakaza. Nikakaanga mafuta ya maini ya papa, nikayatia chupani, nikayaleta na ng'onda kidogo. Mlangoni kwako."

Nilishuka kitandani sijui kwa nguvu zipi. Nilimshika mkono nikaubusu, nikauweka usoni nikalia, na safari hii haikuwa hasira. Sista Risten hakufahamu hata neno moja la Kiswahili, lakini alinyanyuka akavuta pazia la kitanda akatuacha.

"Basi, mwanangu," alisema Bi Riziki. "Nilikusamehe tangu ngazini. Nilitaka tu ujue kilichokuwemo."

Kabla hatujatoka, daktari alitupa masharti, na nayaandika ili mtu asije akasema Rukia kasema samaki wanatosha. Sindano kwangu, matone kwa mtoto, vidonge, na kurudi Riyadh kupigwa picha. Mafuta ya maini yawe ya chupa ya famasia, kijiko kimoja kilichopimwa. Bi Riziki alitaka kubisha, Sista akamtolea macho. "Zaidi si bora," alisema. "Hata kwetu hupimwa." Lakini dagaa, vibua na jua, daktari alisema ndiyo, ndiyo, na ndiyo.

Jua la kuota lilikuwa Ruwais. Nikamwambia Khamis turudi.

"Turudi Ruwais?" alisema. "Rukia, watu watasema Khamis kafilisika."

"Waseme. Ulipokuwa unanibeba msalani, nani kati yao alikuja kukupokea?"

"Nimefanya kazi kama punda kwa ajili ya nyumba hii."

"Najua, mume wangu. Na mimi nimeipenda kuliko wewe. Lakini mtoto hasimami."

Akakasirika, akala kimya siku nne. Ya tano mama yake akampigia simu kutoka kwa jirani yake Ruwais. Sijui alimwambia nini, mwenyewe hasemi, ila Khamis alitoka kwenye simu akauliza kama kabati kubwa litapita kwenye ngazi za Ruwais. Halikupita. Liko kwa wifi yangu mpaka leo.

Sindano ya kwanza nilipigwa Riyadh kwenye baridi ile. Ya pili na ya tatu nilipigwa kliniki Jedda, na hakuna kilichobadilika, nawaambia kweli. Niliota jua kila asubuhi juu ya paa, miguu wazi, ukuta umetuzunguka na mikeka imeziba penye matundu, na siku ya kwanza niliona haya na mwili wangu mwenyewe kama bi harusi. Zuwena amelala karibu yangu uchi, anang'aa mafuta ya nazi, anawakemea paka. Watu wa Al-Safa walikuwa wamesema, bila shaka. Mmoja alikuja kunitazama akasema, "Masikini Rukia, mmerudi huku?" Nikamkaribisha mchuzi wa vibua. Alikula sahani mbili.

Sindano ya nne ilikuwa Ramadhani. Daktari alinikataza kufunga, na kula mchana wakati wengine wamefunga ni mtihani kwa mtu mwenye kiburi kama mimi. Bi Riziki akawa ananiletea dagaa wangu na mkate wa kumimina akakaa nami nikila, akinizungumzisha ili nisijione peke yangu, na yeye amefunga. Mwezi ule Khamis alianza kupita soko la samaki asubuhi, tai shingoni, viatu vimepigwa rangi, na wachuuzi wakawa wanamwita sheikh. Akileta samaki wazima. Akijua kuwatazama macho na mashavu, kazi ambayo baba yangu aliifanya maisha yake yote.

Baada ya sindano ya tano nilinyanyuka kitini bila kujishika. Sikumwambia mtu. Nilikaa tena nikanyanyuka tena, mara sita, peke yangu jikoni, kama mwizi. Baada ya ile ya sita, kwenye joto ambalo paa liliwezekana asubuhi mapema tu, Zuwena alishika ndoo ya kufulia akajisimamisha. Ndoo ikamwagika, akaanguka, akacheka, akaishika tena. Bi Riziki alipiga vigelegele mpaka jirani wa chini akaja kuuliza nani kaolewa.

Nasema wazi, najivunia. Najivunia mkono wa mama mkwe wangu ulionuka chumvi. Najivunia baba yangu na kapu lake. Kwa miaka mingi nilidhani tulikula vile kwa umasikini, na pengine ni kweli tulikuwa masikini, lakini wale waliokula vile walijua wanachokifanya. Hawakukijua kwa kitabu. Walijua mtoto gani mzito wa miguu na nini apewe, na walijua hivyo kama wazee wa Sista Risten walivyojua, katika nchi isiyo na jua wala nazi.

Mahujaji walipoondoka na mji ukatulia, tulikwenda Riyadh kwa picha ya mwisho. Tulikuwa mimi, Khamis, Bi Riziki na Zuwena. Nilikaa katika chumba kilekile cha kungojea, na moyo wangu ulipiga kuliko siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza sikuwa na tamaa. Daktari aliweka picha mbili ukutani, ya zamani na mpya, akawasha taa. Akanionyesha ufa ulipokuwa.

"Umefunga," alisema. "Mafi, chuma hakuna."

Akamshika Zuwena miguu, akampimia kwa vidole nafasi ya katikati ya magoti. Bado ilikuwako kidogo. Akasema itaendelea kunyooka mwenyewe akikua, na kwamba mimi nitembee taratibu, nisibebe kizito, nisikimbie bado. Sista Risten mkataba wake ulikuwa umekwisha, anarudi kwao mwezi ule. Bi Riziki alimpa mfuko wa dagaa wakavu waliofungwa mara tatu kwa nailoni. Sista akaufungua hapohapo mbele ya wauguzi wenzake, akatia mmoja mdomoni, akatafuna na kichwa chake. Nilimkumbatia na kumwambia kwa Kiingereza changu kwamba mama yake alimlea vizuri.

Uwanja wa ndege ulikuwa umejaa. Watu wa kila taifa na maboksi yao, wanaume wamesimama makundi makundi, watoto wanalala juu ya mizigo. Khamis alikwenda dirishani na ikama zetu, vile vibali vya kukaa nchini. Mimi nilikaa na mikoba, Bi Riziki ameshika mkono wa Zuwena. Sijui aliona nini kule nje. Alijichomoa mkono wa bibi yake na akatoka mbio, miguu ile bado imepinda kidogo, kofi kofi kofi juu ya marumaru, moja kwa moja kwenye milango ya vioo, na nje ya milango magari yanapita.

"Zuwena!" alipiga kelele Bi Riziki.

Nilikuwa nimeshafika katikati ya ukumbi. Sikumbuki kunyanyuka. Baibui nimelikusanya mkononi, kiatu kimoja kimebaki nyuma, wanaume wananipisha huku na huku, na mapaja yangu yananibeba, yananibeba, na mtoto anaangalia nyuma anacheka na kuzidisha mbio, na mimi nazidisha. Nilimdaka mlangoni nikamnyanyua juu. Nilikuwa nahema. Nyonga hazikuuma.

Bi Riziki alinifikia ameshika kiatu changu, macho yamemtoka kwa haya.

"We Rukia! Mwanamke mzima unakimbia mbele ya watu wote hawa? Wanakutazama!"

"Waache, Mama," nilisema. "Watazame."